Kuhamia jimbo jingine Marekani: Jinsi ya kuchagua mtaa unaofaa familia

MKENYA anapotua Marekani kwa mara ya kwanza, aghalabu mji atakaoishi huwa umechaguliwa na mtu mwingine. Huenda ni dada aliyetangulia, rafiki wa kanisani au chuo kilichompa nafasi ya masomo. Ndiyo sababu jamii za Wakenya zimejikita katika sehemu fulani: viunga vya Minneapolis katika jimbo la Minnesota, eneo la Dallas huko Texas, vitongoji vya Atlanta katika Georgia, mji wa Lowell ulioko Massachusetts na miji iliyo kusini mwa Seattle katika jimbo la Washington.

Mji wa pili ni jambo tofauti. Kufikia wakati huo, aliyeondoka nyumbani peke yake tayari ana mwenzi na watoto. Kazi mpya, kodi ya nyumba isiyobebeka au baridi kali humfanya atazame ramani upya. Safari hii uamuzi ni wake, na akikosea, wanaoumia zaidi ni watoto. Mtoto anayehamishwa shule mara mbili katika muda mfupi hupoteza marafiki, walimu waliomfahamu na mtiririko wa masomo.

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Picha za nyumba kubwa zinazotangazwa kwa bei nafuu ni mlango tu. Yafuatayo ni mambo ambayo familia inapaswa kuyachunguza kabla ya kufunga mizigo.

Kila jimbo na sheria zake

Nchini Kenya, anayehama kutoka Kisumu hadi Mombasa habadilishi mtaala wa shule, leseni ya kazi wala ushuru wa mapato. Katiba imeiachia serikali ya kitaifa pekee mamlaka ya kutoza ushuru huo. Marekani mambo ni kinyume. Kila mojawapo ya majimbo 50 huamua masuala ya elimu, hutoa leseni za kitaaluma na hutunga sheria zake za ushuru. Kuvuka mpaka wa jimbo ni sawa na kuingia chini ya serikali nyingine, hata kama mpaka wenyewe ni barabara tu.

Mfano bora ni Kansas City, eneo la mji lililogawanywa na mpaka wa majimbo mawili. Anayeishi au kufanya kazi ndani ya Kansas City iliyoko Missouri hukatwa na mji huo asilimia 1 ya mapato yake. Jirani yake wa Overland Park, upande wa Kansas, hatozwi ushuru huo iwapo pia anafanya kazi nje ya Kansas City. Hata hivyo, yeye ana ushuru wa jimbo lake na ada za kaunti yake. Wawili hao wanaweza kununua katika maduka yale yale na kusali katika kanisa moja, lakini hesabu zao za mwisho wa mwaka hazifanani.

Kazi na leseni

Wakenya wengi Marekani ni wauguzi au wahudumu wa wazee na wagonjwa. Kwao, swali la kwanza linafaa kuwa iwapo leseni itawafuata. Zaidi ya majimbo 40 na maeneo ya Marekani yamejiunga na mkataba wa leseni za wauguzi, unaomruhusu muuguzi mwenye leseni ya pamoja kufanya kazi katika majimbo yote wanachama. Texas na Georgia zimo. California haimo, kwa hivyo anayehamia huko hulazimika kuomba leseni mpya, shughuli inayoweza kuchukua miezi.

Hata ndani ya mkataba kuna sharti. Tangu Januari 2024, muuguzi anayehamisha makao yake kutoka jimbo moja mwanachama hadi jingine hutakiwa kuomba leseni ya jimbo jipya katika muda wa siku 60. Wasaidizi wa wauguzi, walimu na mafundi wa umeme nao wana utaratibu wao katika kila jimbo. Familia inayotegemea mshahara mmoja haina budi kuanza maombi haya kabla ya kukatiza mkataba wa nyumba ya zamani.

Ushuru na gharama ya kweli

Sifa inayovuma zaidi kuhusu Texas, Florida na Tennessee ni kwamba majimbo hayo hayatozi ushuru wa mapato ya mshahara. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini si habari kamili. Serikali haikosi mahali pa kupata fedha. Texas, kwa mfano, hutegemea sana ushuru wa nyumba na ardhi, na sehemu kubwa ya ushuru huo huendeshea shule. Mwenye nyumba hulipa kila mwaka, hata akiwa amekwisha kulipa mkopo wote. Mpangaji naye huulipa kupitia kodi anayomkabidhi landilodi.

Kwa upande mwingine, Minnesota hutoza ushuru wa mapato, lakini hakuna ushuru wa mauzo kwa nguo za kawaida. Aidha, tangu sheria iliyopitishwa mwaka wa 2023, wanafunzi katika shule zinazoshiriki mpango wa chakula hupata kiamshakinywa na chamcha bila malipo. Delaware haina kabisa ushuru wa mauzo. Kwa mzazi wa watoto wanne, tofauti kama hizi si ndogo.

Njia ya busara ni kuandika hesabu mbili sambamba, moja ya mji wa sasa na nyingine ya mji unaokusudiwa. Ziwekwe humo ushuru wote, kodi au mkopo wa nyumba, bima ya nyumba na ya gari, malezi ya watoto wadogo, mafuta ya gari, gharama ya kupasha nyumba joto au kuipoza, na michango ya chama cha wamiliki wa nyumba pale kilipo. Mara nyingi nyumba iliyoonekana rahisi hupoteza urahisi wake kabla hesabu haijafika mwisho. Isisahaulike kwamba katika mwaka wa kuhama, huenda familia ikalazimika kuwasilisha taarifa za ushuru katika majimbo yote mawili.

Shule: anwani ndiyo tiketi

Katika shule za umma za Marekani, kwa kawaida mtoto husoma kulingana na mahali anapoishi. Mipaka ya wilaya za elimu ndiyo inayoamua, na mipaka hiyo haifuati ile ya miji. Nyumba yenye anwani ya Dallas yaweza kuwa katika wilaya ya elimu ya Dallas, ya Richardson au ya Plano. Nyumba mbili zinazotazamana zaweza kupeleka watoto katika shule tofauti. Kwa hivyo haitoshi kuuliza iwapo mji una shule nzuri. Mzazi aitume anwani kamili katika ofisi ya wilaya ya elimu na kuuliza ni shule zipi za msingi, za kati na za upili zinazoihudumia.

Alama ambazo tovuti mbalimbali huzipa shule, aghalabu kati ya 1 na 10, zinafaa kusomwa kwa tahadhari. Alama hizo hutegemea sana matokeo ya mitihani, na matokeo hayo huandamana na kipato cha wazazi. Shule yenye alama ya kadiri yaweza kuwa inawainua wanafunzi wake haraka kuliko ile yenye sifa. Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka wa 2015 inayataka majimbo yote kuchapisha ripoti ya kila shule. Humo mzazi ataona maendeleo ya wanafunzi, utoro, idadi ya wanaohitimu na hali ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza.

Umri wa kuanza shule pia hubadilika. Katika jiji la New York, mtoto huingia chekechea ya shule ya umma Septemba ya mwaka anaotimiza miaka 5, hata kama alizaliwa Novemba. Texas humtaka awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1. Mzazi anayehama kati ya sehemu hizo na mtoto wa Novemba aliyekuwa tayari kuanza aweza kujikuta akilipia malezi kwa mwaka mmoja zaidi.

Wenye watoto katika darasa la 9 hadi la 12 wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa masharti ya kuhitimu hutofautiana na baadhi ya masomo aliyokwisha kufanya mwanafunzi yaweza kukosa kutambuliwa. Isitoshe, vyuo vikuu vya umma huwatoza wakazi wa jimbo karo ya chini, na majimbo mengi hudai ukazi wa miezi 12 kwanza. Kuhama miezi michache kabla ya mtoto kuingia chuoni kwaweza kuigharimu familia karo ya mgeni kwa mwaka mzima.

Usalama na nyumba yenyewe

Wazazi wengi humuuliza wakala wa nyumba iwapo mtaa ni mzuri kwa familia, kisha hushangaa anapokwepa swali. Sababu ni sheria. Sheria ya makazi ya mwaka wa 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi, dini na asili ya mtu katika uuzaji na ukodishaji wa nyumba. Mabadiliko ya 1988 yaliongeza ulinzi kwa familia zenye watoto na kwa walemavu. Wakala anayewaelekeza wateja mtaa huu au ule kwa misingi hiyo hujitia mashakani. Sheria hiyo hiyo humlinda Mkenya: landilodi kwa kawaida hawezi kumnyima nyumba kwa kuwa ana watoto au kwa sababu ya alikotoka.

Kwa hivyo uchunguzi hubaki kwa mzazi. Idara nyingi za polisi huchapisha ramani za visa vya uhalifu, na Wizara ya Haki ina tovuti inayoonyesha walikosajiliwa waliopatikana na hatia ya makosa ya ngono. Takwimu za mji mzima hazifai kutumiwa kuhukumu mtaa mmoja. FBI yenyewe huonya dhidi ya kuipanga miji kwa takwimu zake. Kuutembelea mtaa asubuhi shule zikifunguliwa, jioni watu wakirejea na Jumamosi usiku kutamfunza mgeni mengi.

Nyumba nayo ina siri zake. Zilizojengwa kabla ya 1978 zaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto mchanga. Muuzaji au landilodi anatakiwa na sheria kufichua anachokijua kuhusu rangi hiyo. Mafuriko ni hatari nyingine. Kimbunga Harvey kilipoipiga Houston Agosti 2017, nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya maeneo yaliyotajwa rasmi kuwa ya hatari. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi hasara ya mafuriko, na bima ya mafuriko ya serikali huanza kufanya kazi kwa kawaida baada ya siku 30. Anayehamia Kansas naye aulize familia itajificha wapi kimbunga cha nchi kavu kikizuka.

Afya na watu wa karibu

Bima ya afya inayotoka kwa mwajiri hubadilika pamoja na kazi. Mpango wa serikali wa wenye mapato ya chini, Medicaid, nao hauhamishiki: familia huomba upya katika jimbo jipya. Minnesota na Washington ziliupanua mpango huo ili kuwafikia watu wazima zaidi, ilhali Texas na Kansas hazijafanya hivyo. Wengi wenye kibali cha ukazi wa kudumu pia husubiri miaka 5 kabla ya kustahiki, ingawa majimbo mengi huwaondolea watoto sharti hilo. Mwenye mtoto anayehitaji daktari bingwa ahakikishe hospitali ya watoto iko umbali unaofikika.

Jambo ambalo halimo katika takwimu yoyote ni watu. Wazazi wanaofanya kazi zamu za usiku huhitaji mtu wa kumchukua mtoto shuleni dharura inapotokea. Msiba ukitokea nyumbani, jamii ndiyo hukusanyika, huchanga na kusaidia kusafirisha mwili. Mtaa wenye shule bora lakini usio na mtu wa kumpigia simu usiku wa manane waweza kuwa ghali kwa namna nyingine. Familia nyingi huona afueni kuishi katika wilaya ya elimu wanayoitaka, lakini umbali wa nusu saa kwa gari kutoka kanisa, msikiti au duka linalouza unga wa ugali.

Karatasi zisizosahaulika

Asiye raia anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani yake mpya katika siku 10 baada ya kuhama. Mwenye kesi katika mahakama ya uhamiaji huiarifu mahakama hiyo katika siku 5 za kazi. Kulipuuza hilo ni hatari, kwani barua ya kumwita inaweza kutumwa kwa nyumba ya zamani naye akaamuliwa kesi bila kuwapo.

Leseni ya udereva nayo ina makataa yake: siku 10 California, 30 Georgia, 60 Minnesota na 90 Texas. Rekodi za chanjo, vyeti vya kuzaliwa na ripoti za shule zichukuliwe mkononi kabla ya kuondoka.

Wakati unaofaa zaidi wa kuhama ni likizo ndefu ya kati ya mwaka, lakini kalenda hazilingani. Shule nyingi za Georgia hufunguliwa mapema Agosti, ilhali nyingi za Minnesota husubiri Septemba. Kwa familia isiyoujua mji, kupanga nyumba kwa mwaka mmoja kabla ya kununua ni kinga nzuri. Kodi ya mwaka huo si hasara, maana kujinasua kutoka kwa nyumba iliyonunuliwa katika mtaa usiofaa kwaweza kuwa kugumu kuliko kungoja mkataba wa upangaji umalizike.