Jinsi Ndui Ilivyofuatwa Mpaka Merca

Tangu mwaka 1796, Edward Jenner alipoonyesha kwamba ndui ya ng'ombe humkinga mtu na ndui yenyewe, kinga ya maradhi hayo ilikuwapo. Hata hivyo yaliendelea kuua kwa karibu karne mbili. Shirika la Afya Duniani lilipoanza juhudi kubwa mwaka 1967, shauri la kwanza lilikuwa kuchanja walau watu 80 katika kila 100. Lakini penye msongamano, hata hao 20 waliosalia waliweza kuyaendeleza maradhi.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kujaribiwa mashariki ya Nijeria, Desemba 1966. Chanjo ilikuwa haba, na daktari William Foege na wenzake hawakuweza kumchanja kila mtu. Basi waliuliza kwanza ndui iko wapi, wakawachanja waliomzunguka mgonjwa na wale ambao huenda ingewafikia, ikakatika. Tabia yake ndiyo iliyowasaidia: haina maskani katika mnyama, huonekana wazi mwilini, na tangu kuambukizwa hata kuugua hupita kiasi cha siku 12, muda wa kuitangulia. Tangu hapo upelelezi ukawa nguzo ya kazi. Watu walionyeshwa picha ya mgonjwa masokoni na shuleni, na aliyeleta habari ya kweli alipewa zawadi.

Mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua wagonjwa ili aonyeshe njia, safari ya dakika chache tu. Alipougua, ilidhaniwa kwanza kuwa ni malaria, kisha tetekuwanga. Ukweli ulipojulikana, watu 161 waliokutana naye walitafutwa na kuangaliwa, na mji ukachanjwa. Hakuambukizwa hata mmoja, naye akapona.

Upelelezi haukukoma hapo. Uliendelea miaka miwili, na tarehe 8 Mei 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetoweka duniani.

Maalin baadaye alijiunga na kazi ya kuzuia polio, akiwasimulia wazazi jinsi alivyoiogopa chanjo na yaliyomfika. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo, kwa malaria, maradhi yale yale yaliyodhaniwa mwaka 1977 kuwa ndiyo yaliyomshika, na ambayo bado hayajapata mwisho wake.