Volkano, vita na sigara moja-moja

Bandugu, historia ya Goma tunaihesabu kwa woga: volkano ya 17 Januari 2002, tena 22 Mei 2021, kisha vita ya Januari 2025. Hapa Himbi, kila mara naona watu wanarudilia sigara.

Juu ya nini? Stresi inalegeza sehemu ya mbele ya ubongo, ile inafanyaka kazi ya freni, na hamu inapanda. Nikotini inafika kichwani kwa sekunde chache, roho inatulia. Lakini ni deni tu: mwili ulikuwa unaidai, kesho utaidai tena.

Hata New York, baada ya 11 Septemba 2001, wavutaji wengi walizidisha.

Basi tusimwite mvutaji mzembe. Tumsaidie kwanza alale, aongee, ndipo aache.