Yaya wa Kawangware na Kiswahili chetu

WIKI iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu Kiswahili cha Njugush. Nusura nimfukuze. "Huyo ni mchekeshaji tu," nilimwambia. "Tafuta mada ya maana." Akauliza kwa adabu: "Kwani Prof umewahi kumtazama?" Sikuwa nimewahi.

Basi nimemtazama, na leo nakiri kosa.

Jina lake ni Timothy Kimani. Alisoma katika Taasisi ya Mawasiliano ya Umma (KIMC), akaonekana katika Hapa Kule News, kisha akavuma katika The Real Househelps of Kawangware, kipindi kilichopeperushwa runingani mwongo uliopita. Jina hilo ni kejeli kwa vipindi vya Marekani kuhusu wake wa matajiri. Na Kawangware haikuchaguliwa ovyo: imepakana na Lavington. Kila alfajiri wafanyakazi wa nyumbani hutoka huko kwa miguu kwenda kufua na kupika katika nyumba wasizolala.

Tulifikaje hapa? Katika Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu, alikuwa Mzee Ojwang mwenye Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo. Tulicheka lafudhi. Baadaye, katika runinga ya Citizen, marehemu Charles Bukeko akawa Papa Shirandula, bawabu aliyemficha mkewe kazi yake. Tulicheka aibu yake. Walikuwa magwiji, ila kituo ndicho kilichoamua kipi kipite.

Njugush alivuka hapo. Yeye na mkewe, Celestine Ndinda, wakaanza kutengeneza filamu fupi za vichekesho na kuzitoa wenyewe mtandaoni. Mazungumzo ni ya sebuleni: Kiswahili, Sheng, Kiingereza, na Kikuyu kikichungulia. Hakuna mhariri wa kusema, bwana, neno hilo toa.

Chukua neno moja tu. Vitabuni tumeandika "yaya" na "mtumishi". Mwajiri husema "msichana wangu". Mtaani ni "mboch". Mtu ni yuleyule, lakini kila jina linakuonyesha msemaji amesimama wapi. Mimi nimefunza Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30 na darasani mwangu yaliingia mawili ya kwanza pekee. Hayo mengine niliyaita uchafuzi wa lugha, ilhali ndiyo yanayobeba historia ya jiji.

Tena kuna hatari. Tendi za Lamu zimetufikia kwa sababu kuna waliozinakili kwa mkono. Video ya mtandaoni ikifutwa leo, kesho mtafiti ataanzia wapi? Hatuna desturi ya kuhifadhi vichekesho, kwa kuwa wasomi kama mimi tulividharau.

Nimemkubalia mwanafunzi wangu. Nimempa sharti moja: kabla ya nadharia yoyote, anakili mazungumzo neno kwa neno, jinsi yalivyotamkwa, bila kusahihisha hata silabi. Nakala moja ataiweka maktabani.