Soro la Mwitongo na Bao la Pwani

Mwitongo ni kilima cha miamba kijijini Butiama, mkoani Mara. Jina lake lina maana ya mahame, mahali palipowahi kuwa na mji wa wazee waliotangulia. Hapo ndipo penye mji wa ukoo wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, na hapo ndipo alipozikwa mwanawe, Julius Kambarage Nyerere, mwezi wa Oktoba 1999. Miongoni mwa picha za Mwalimu zimo zinazomwonyesha ameinamia bao, kete mkononi, wazee wenzake wamemzunguka. Mtu wa pwani aionapo picha kama hiyo hufurahi na kusema kwamba Mwalimu naye alikuwa mtu wa bao. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni kweli nusu. Mchezo aliokulia Kambarage huko kwao huitwa orusoro, au soro kwa ufupi, nao una sheria zake.

Masimulizi ya maisha yake yanasema kwamba kabla ya kuingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kijana huyu alikuwa hodari wa soro hata mtemi mmoja, rafiki wa baba yake, aliyekuwa akicheza naye, akastaajabia akili yake na kushauri apelekwe shule. Iwapo ndivyo ilivyokuwa, basi mitihani ya Tabora, Makerere na Edinburgh ilitanguliwa na mtihani mwingine, uliofanyika mbele ya mashimo na kete. Na mtihani huo haukusahihishwa kwa sheria za Unguja wala za Lamu.

Tofauti ya sheria hizo si ndogo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, kila mchezaji 32. Mchezo huanza kwa kunamua. Kila mmoja huweka kete kumi tu baoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 hubaki mkononi, zikishuka moja moja kila zamu mpaka ziishe, ndipo iingiapo mtaji. Mwenye nafasi ya kula hana hiari, sharti ale. Asiye nayo hutakata. Kete zilizoliwa huvuka na kutembezwa upande wa mlaji, kuanzia kichwani. Ambaye safu yake ya mbele imekwisha kete, huyo ameshindwa, hata kama safu ya nyuma imejaa.

Msomaji na avuke sasa mpaka upande wa pili wa Ziwa Viktoria, kwa Waganda. Atakuta omweso: safu zile zile nne, mashimo yale yale manane, kete zile zile 64. Lakini nyumba haipo, wala kunamua hakupo. Kila mchezaji huzipanga kete zake 32 upande wake kwa namna aionayo inafaa kabla ya vita kuanza. Kete ya mwisho haili mpaka mashimo yote mawili ya adui yanayoikabili yawe na kitu, na zilizoliwa hutembezwa kutoka pale mwendo ule ulipoanzia. Soro la Wazanaki, isolo la Wasukuma na igisoro la Wanyarwanda ni ndugu wa majina na wa ukanda huu huu wa maziwa.

Sasa fundi wa Unguja akiketi mbele ya fundi wa Buganda bila ya kuulizana kwanza, kila mmoja atamwona mwenziwe hajui kucheza. Nani kati yao achezaye sawasawa? Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hata hivyo, hukumu ya kusema kila mtu acheze apendavyo haifai, kwa kuwa pasipo sheria hapana fundi. Sharti la kula ndilo linalomwezesha mjuzi wa bao kumtegea mwenziwe, amlazimishe ale pale ambapo kula kutamwangamiza. Ondoa sharti hilo, na ujuzi wa miaka arobaini utaondoka nalo. Sheria ya mchezo ni ahadi baina ya walioketi. Hukumu yake ni ya haki kwa walioikubali, na haina nguvu kwa wasioikubali. Pwani yenyewe yalijua hili tangu zamani, kwani kando ya bao kubwa lipo bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili tangu mwanzo, wala hapana aliyesema kuwa watoto wanaolicheza wanakosea.

Wapenzi wa mashairi hawawezi kuwa wageni wa shauri hili. Mwaka 1954 Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa bara, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na mizani na vina vya pwani vikapata mwandishi wa sheria kutoka ukingoni mwa Tanganyika. Mwaka 1974 Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa Kichomi, na ugomvi wa ushairi huru ukawaka. Mwalimu mwenyewe alitunga kwa sheria mbili. Alipomfasiri Shakespeare alifuata mwendo wa mistari isiyo na vina. Alipozigeuza Enjili kuwa tenzi, zilizochapwa mwaka 1996, alishika kanuni ya utenzi. Hakuchanganya sheria za michezo miwili katika mchezo mmoja.

Jambo lililo jipya ni kuwepo kwa mchezaji asiyeulizwa sheria wala asiyeuliza. Mholanzi Alex de Voogt aliketi na mafundi wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa utafiti wake juu ya umahiri wa bao. Baada yake wakaja wataalamu wa kompyuta, nao kompyuta yao haikubali sheria isiyoandikwa. Hivyo bao lililoingia katika programu, na baadaye katika simu za mikononi, ni bao la visiwani. Watu wa pwani wana haki ya kuliona hilo kuwa ni heshima kwa mafundi wao. Lakini kijana wa Butiama ajifunzaye kwa simu hufundishwa kunamua na kulinda nyumba, na akirudi kwa babu yake huenda akamwambia kuwa anakosea.

Omweso ulimpata M. B. Nsimbi, aliyeuandikia kitabu mwaka 1968. Soro la Uzanaki hukaa zaidi vinywani na mikononi mwa wazee. Siku watakapokosekana wa kuketi nao, haitakuwa kwamba lilishindwa na bao lililo bora, kwa maana michezo hiyo miwili haikupata kukutana katika ubao mmoja. Litakuwa limeachwa tu. Mahame mengine yatakuwa yamepatikana pale Mwitongo, ilhali ingalitosha mgeni aketipo mbele ya mzee amuulize, kabla hajagusa kete: hapa kwenu mnachezaje?