Tatizo la Tarehe katika Postikadi Kongwe za Bagamoyo, 1890–1916

Postikadi za picha zilizotumwa kutoka Bagamoyo wakati wa utawala wa Wajerumani hutafutwa sana na wakusanyaji. Mkusanyaji huzithamini kwa uadimu wa stempu na uwazi wa muhuri. Mwanahistoria hutaka kujua jambo jingine: picha yenyewe ilipigwa lini. Maswali haya mawili hayana jibu moja, na kuyachanganya hupotosha historia ya mji.

Muhuri wa posta ndio hutazamwa kwanza. Posta ya Kijerumani ilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1890, na Waingereza wakautwaa mji Agosti 1916. Muhuri wake hauna budi kuangukia kati ya miaka hiyo. Ukiwa umefifia, stempu husaidia. Tangu 1893 zilitumika stempu za Ujerumani zilizogongwa juu yake thamani kwa pesa, sarafu iliyohesabiwa 64 kwa rupia. Mwaka 1901 zikaja stempu zenye picha ya meli ya Kaisari. Kuanzia 1905 stempu hizo hizo za meli zilichapwa kwa heller, 100 kwa rupia, sarafu iliyokiachia Kiswahili neno hela. Hivyo neno moja chini ya meli hutenganisha matoleo mawili.

Mgongo wa kadi nao ni ushahidi. Kabla ya 1905 posta ya Ujerumani iliruhusu anwani peke yake upande huo, na mtumaji alibana salamu zake kando ya picha. Baadaye mgongo uligawanywa kwa mstari. Hata hivyo, mgongo wa kale hauthibitishi kwamba kadi ilitumwa mapema, kwa kuwa kadi iliweza kukaa dukani au sandukuni miaka kadhaa.

Udhaifu wa ushahidi wote huu ni mmoja: unaeleza kadi ilichapwa au ilitumwa lini, wala haugusi siku ya kamera. Picha moja iliweza kuchapwa tena na tena. Hapo majengo huwa shahidi bora kuliko posta. Boma la Bagamoyo lilijengwa mwaka 1897. Picha inayolionyesha limekamilika haiwezi kutangulia mwaka huo, hata muhuri uwe na tarehe gani.

Suala hili si la wakusanyaji peke yao. Makao makuu ya koloni yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, na reli kutoka huko ilifika Morogoro mwaka 1907, ikivuta mizigo iliyokuwa ikishuka Bagamoyo kwa misafara. Kadi yenye umati wa wapagazi na muhuri wa 1910, ikisomwa kwa muhuri wake tu, ingeonyesha kwamba biashara ya misafara ilikuwa bado na nguvu zilezile miaka mitatu baada ya reli. Kinachosomwa hapo huenda ni picha ya miaka kumi na zaidi nyuma. Nguo, mizigo na paa za nyumba zilizo nyuma ya wapagazi ndizo za kuulizwa kwanza. Maelezo yaliyochapwa chini ya picha husaidia kidogo, maana hutaja jengo kwa jina na watu kwa kazi au kabila.