Magenge ya Kapoeira ya Rio de Janeiro: Asili, Siri na Majina Yake

Miongoni mwa vyama vya siri vilivyojengwa juu ya sanaa ya kupigana, ni vichache ambavyo asili yake imegombaniwa kama ile ya magenge ya kapoeira yaliyotamba katika mitaa ya Rio de Janeiro, nchini Brazili, katika karne ya 19. Wako waionao kapoeira kuwa ni mila ya Kibantu iliyovushwa Bahari ya Atlantiki ikiwa kamili; wako pia wasemao kwamba ni zao la Brazili tupu. Mjadala huu unawahusu wataalamu wa lugha za Kiafrika moja kwa moja, kwa kuwa ushahidi unaotolewa aghalabu ni wa maneno. Makala haya yanakusudia kufuata kuzaliwa na kukua kwa magenge hayo, na kuonyesha kwamba msamiati wake hauungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Unashuhudia chama kilichoundwa na watu wa asili mbalimbali katika mji wa utumwa, kikakua kwa kulindwa na wakubwa, na hatimaye kikaangushwa na wakubwa wengine.

Maandishi juu ya kapoeira yanaanza mwaka 1789, pale mtumwa mmoja kwa jina Adão alipofungwa mjini Rio kwa kosa hilo. Mwaka 1808 familia ya kifalme ya Ureno na watu wake, wakiyakimbia majeshi ya Napoleon, walihamia Rio, na mji ukapanuka ghafula. Kuanzia mwaka 1811 gati la Valongo lilipokea mateka kwa maelfu. Wengi wao walikuwa wasemaji wa Kikongo, Kikimbundu na Kiumbundu, na wengine waliletwa kutoka pwani ya Msumbiji. Polisi wa Meja Miguel Nunes Vidigal walijulikana kwa ukali wao dhidi ya wanakapoeira. Mtu aliweza kukamatwa kwa kupiga kichwa, teke au ngwala, kwa kuchukua kisu, na hata kwa kupiga mluzi au kuvaa utepe wenye rangi ya kikundi chake. Hapa hapana budi kukumbuka kwamba karibu yote yajulikanayo juu ya miaka hiyo yaliandikwa na adui. Picha ya Johann Moritz Rugendas, iliyotolewa mwaka 1835, inaonyesha upande ambao polisi hawakuuandika: wanaume wawili wakikabiliana, ngoma ikilia, na watazamaji wakifurahi.

Tangu awali serikali ilikuwa na nyuso mbili mbele ya watu hawa. Mwaka 1828 askari wa kukodiwa kutoka Ireland na Ujerumani walipoasi mjini Rio, wanakapoeira walishiriki katika kuwazima. Watu wale wale waliokuwa wakichapwa viboko walihitajiwa siku ya hatari. Kadiri karne ilivyosonga, uanachama nao ulibadilika. Watumwa waliungana na watu huru, mafundi, askari na wahamiaji maskini kutoka Ureno. Magenge madogo madogo, kila moja likishikilia parokia yake, yaliingia katika kambi kuu mbili: Nagoa, waliotumia rangi nyeupe, na Guaiamu, waliotumia nyekundu. Lapa, mathalani, ilikuwa ya Nagoa, na Santa Rita ilikuwa ya Guaiamu. Siku za sherehe za kanisa na maandamano ya kijeshi, wavulana wanagenzi walitangulia mbele ya genge, wakijifunza kazi hiyo kwa kuitenda.

Mwaka 1886 mwandishi Plácido de Abreu, mzaliwa wa Ureno aliyeishi Rio, alitoa kitabu kiitwacho Os Capoeiras, ambamo alitaja magenge hayo na kueleza sehemu ya lugha yao ya siri. Kwa mwanaisimu, majina yenyewe yanasema mengi. Neno malta, lililotumiwa kwa genge, ni la Kireno. Guaiamu ni aina ya kaa wa mikokoni, na jina lake ni la Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazili. Neno capoeira lenyewe huelezwa na wengi kwa Kitupi pia, yaani msitu uliofyekwa, ingawa wako waliolihusisha na neno la Kireno la tundu la kuku. Wale wavulana wanagenzi waliitwa caxinguelê, yaani kuchakuro, na kamusi za Kireno cha Brazili hulipeleka neno hili kwenye Kikimbundu. Msomaji ajuaye Kikikuyu au Kikamba ataitambua mara moja ile ka- ya udogo iliyo mwanzoni mwake. Kwa hiyo, katika chama kimoja, genge lina jina la Kireno, kambi ina jina la Kitupi, na mtoto ana jina la Kibantu.

Ushahidi huu unataka uangalifu. Katika miaka ya 1960 mchoraji Albano Neves e Sousa, aliyeishi Angola, alieneza rai kwamba kapoeira ilitokana na n'golo, mchezo wa vijana wa kusini mwa Angola unaoiga mapigano ya pundamilia. Rai hiyo inapendeza, hasa kwa Mwafrika aliyechoka kuambiwa kwamba babu zake hawakuleta kitu ng'ambo. Hata hivyo, kati yake na kifungo cha Adão ipo miaka ipatayo 170, na kufanana kwa miondoko, sawa na kufanana kwa sauti za maneno mawili, si uthibitisho wa undugu. Mchango wa Waafrika hauhitaji hadithi hiyo ili usimame.

Ukuaji wa magenge ulitegemea zaidi siasa. Katika vita vya Paragwai, vya mwaka 1864 hadi 1870, wanakapoeira wengi walitiwa jeshini kwa nguvu, na waliosalimika walirudi wakiwa na sifa ya ushujaa. Katika uchaguzi wa mwaka 1872, genge lililoitwa Flor da Gente lilitumiwa katika parokia ya Glória kumpigania mgombea wa chama cha Conservador. Baada ya utumwa kukomeshwa tarehe 13 Mei 1888, wanakapoeira wengi waliingia katika Guarda Negra, kundi lililoitetea enzi ya kifalme na kuvamia mikutano ya wapenda jamhuri.

Hapo ndipo kinga yao ilipogeuka kuwa kitanzi. Jamhuri ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1889, na mkuu wa polisi, Sampaio Ferraz, akaanza kuwakamata na kuwahamishia kisiwa cha Fernando de Noronha. Hata José Elísio dos Reis, mwana wa tajiri mwenye cheo cha ukabaila, hakusalimika. Sheria ya jinai ya mwaka 1890 iliifanya kapoeira kuwa kosa la kifungo cha miezi miwili hadi sita. Kuwa mwana genge kulizidisha uzito wa kosa, na viongozi walipewa adhabu maradufu. Magenge ya Rio hayakuinuka tena.

Sanaa yenyewe ilisalia, hasa katika jimbo la Bahia, ambako haikuwa imefungamana na magenge ya uchaguzi. Huko Mestre Bimba alifungua shule mwaka 1932, ikapata kibali cha serikali mwaka 1937; naye Mestre Pastinha alianzisha kituo chake mwaka 1941. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua duara ya kapoeira kuwa urithi wa wanadamu. Kilichofichwa mitaani sasa hufundishwa hadharani, na kila shule hujitafutia asili yake. Wataalamu wa lugha za Kibantu wana wajibu katika utafutaji huo: kulipima kila neno kwa kanuni zile zile, liwe linawapendeza au haliwapendezi. Mtoto wa Rio aliyeitwa kwa neno la Kikimbundu, chini ya bendera yenye jina la Kitupi, ni ushahidi tosha kwamba Waafrika hawakuwa abiria tu katika historia ya Brazili. Walikuwa waundaji wake, pamoja na wengine.