Ghorofa Unguja, Tembe Tabora

Hong Kong kuna jengo refu la makazi, The Repulse Bay, lenye tundu kubwa katikati. Wenyeji husema ni njia ya joka ashukaye mlimani kwenda kunywa maji baharini. Majengo mengine ya mji huo hayana ghorofa ya nne, kwa sababu kwa Kikantoni neno "nne" linakaribia kutamkwa kama "kifo". Mjenzi huenda haamini lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba wanunuzi wengi wanaamini, na nyumba yenye namba mbaya huuzwa kwa taabu. Ndivyo feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga makazi, ilivyoingia kwenye hesabu za mwenye kiwanja.

Tusiwacheke. Nyumba za njia ya misafara nazo zilijengwa na imani na fedha kwa pamoja.

Richard Burton alipofika Kazeh, Unyanyembe, Novemba 1857, aliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiishi kwa raha katika matembe: nyumba kubwa za udongo zisizo na ghorofa, zenye kuta nene na paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Unguja, matajiri wa biashara hiyo hiyo walikaa kwenye nyumba za mawe za ghorofa mbili tatu. Tippu Tip ni mfano mzuri. Baba yake, Muhammad bin Juma, aliishi karibu na Tabora na akaoa binti wa mtemi Fundikira. Nyumba ya Tippu Tip mwenyewe ipo mpaka leo Shangani, Mji Mkongwe, na ni ya ghorofa. Kwa nini familia moja ipande juu pwani na itandae chini bara?

Sehemu ya jibu ni uchumi. Mji Mkongwe umebanwa na bahari, viwanja ni haba, na mawe ya matumbawe na chokaa yako karibu. Tabora ardhi ilikuwa tele, na cha kujengea kilikuwa udongo na miti. Isitoshe, tembe lilikuwa ghala. Pembe za ndovu zilisubiri wapagazi wa kwenda pwani. Vitambaa na shanga vilisubiri kwenda Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Mwenye mali hiyo aliogopa moto na vita, na paa la udongo haliwaki kama la nyasi. Agosti 1871 watu wa Mirambo walipoivamia Tabora na kuchoma sehemu ya mji, Henry Morton Stanley, aliyekuwa Kwihara, alitoboa kuta za tembe alimokaa ili bunduki zipate pa kulengea.

Sehemu ya pili ni heshima na imani. Unguja bidhaa na watumishi walikaa chini, mgeni wa kiume aliishia barazani, na familia ikaishi juu mbali na macho ya barabara. Tabora mpangilio huo ulilazwa chini: baraza mbele, maghala pembeni, ua wa ndani kwa wanawake. Mlango wa kuchonga ukamwambia mpita njia uzito wa mfuko wa mwenye nyumba. Wanyamwezi nao walikuwa na yao: hirizi kwenye nyumba za mikutano, na vijumba vidogo vya mizimu. Mwenye mji aliyejiandaa dhidi ya adui kwa boma alijiandaa pia dhidi ya uchawi.

Lakini nani alilipa? Wapagazi walibeba pembe zilizogharimia milango ile, na watumwa walifanya kazi ndani ya kuta zile. Ulinzi na faragha havikuwa vya kila mtu.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Mzigo ukapanda behewa, na ghala lenye kuta za ngome likapoteza kazi yake. Paa la udongo lisilotengenezwa kila mwaka halichukui masika mengi. Matembe mengi yakarudi kuwa udongo. La Kwihara limekarabatiwa na ni makumbusho, ila linaitwa kwa jina la David Livingstone, mgeni aliyekaa humo miezi michache ya 1872 akisubiri wapagazi.

Imani zimedumu kuliko kuta. Kutoka Tabora, kibla iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Mwislamu anayejenga hapo leo hukwepa kuelekeza choo huko, hata kama kiwanja chake kimepimwa kwa kufuata barabara. Kwenye nyumba ya chini anaweza kukigeuza choo na kulipa gharama yake peke yake. Kwenye ghorofa, bomba moja hushuka kupitia vyoo vya wote, na ramani huchorwa kabla mpangaji hajajulikana. Ukiona ghorofa iliyozingatia kibla, basi kuna mtu alipiga hesabu na kuona kwamba imani ya wapangaji inalipa. Na isipozingatia, alipiga hesabu pia.